Mfinyanzi Hulia Gaeni: Kuisoma Methali Karakanani

Utangulizi

Katika soko la Gakoromone, mjini Meru, nilimwona mama muuza majiko akiugonga kwa kidole udongo wa ndani wa jiko la makaa, kisha akatega sikio. Jiko la kwanza lilivuma; akamkabidhi mteja. La pili lilitoa sauti iliyofifia. Akaliweka kando, kwa maana lilikuwa na ufa usioonekana kwa macho. Majiko ya aina hiyo, yenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, yameenea nchini Kenya tangu miaka ya 1980. Sufuria na plastiki zimevitoa vyungu vingi jikoni, lakini udongo haujatuacha. Kinachotutoka ni ujuzi wa kazi yake, na pamoja nao maana ya methali tunazozifundisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa methali za ufinyanzi hazifasiriki kikamilifu kwa kamusi pekee.

Hatua za Kazi

Mfinyanzi wa mkono huchimba udongo, akauanika, akautwanga na kuuchekecha. Baada ya kuuloweka huukanda, na mara nyingi huuchanganya na mchanga au vigae vilivyopondwa ili chungu kisipasuke kinapokauka na kuchomwa. Kisha huusokota mfano wa kamba nene, akaizungusha tabaka juu ya tabaka huku akifinya na kulainisha ukuta. Pahali pengi barani Afrika chungu hujengwa juu ya gae la chungu kikuukuu, ambalo huzungushwa taratibu badala ya gurudumu. Hatimaye chungu husuguliwa kwa kokoto laini, hukaushwa, ndipo kikachomwa.

Katika Afrika Mashariki kazi hii aghalabu ni ya wanawake. Wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa nchini Tanzania, ni mfano maarufu. Wala si kazi ya kudharauliwa. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja, Nigeria, katika miaka ya 1970, akajifunza kwa mfinyanzi Ladi Kwali. Vyungu vyake, vinavyojengwa kwa mkono bila gurudumu, vimehifadhiwa hata katika British Museum, London.

Methali ya Kwanza: Mfinyanzi hulia gaeni

Kisarufi, "hulia" ina utata. Yaweza kuwa kauli ya kutendea ya kitenzi "-la", yaani hulia chakula humo. Yaweza pia kuwa "-lia" ya kutoa machozi. Kiambishi "-ni" katika "gaeni" hakiumalizi utata huo, kwani mtu aweza kula penye gae na aweza kulia machozi papo hapo. Fasiri iliyozoeleka ni ile ya kwanza: mtengenezaji wa vyungu vizuri huviuza, naye akala katika kipande kilichovunjika. Fasiri hiyo ni sahihi, na uchungu wake haujapungua: fundi wa nguo mwenye shati kuukuu anaijua.

Hata hivyo, karakana inatuongezea jambo. Kwa mfinyanzi gae si taka. Ni kitako cha kujengea chungu kipya. Likipondwa huwa kiimarishi cha udongo. Na wakati wa kula huwa sahani. Kwa hiyo methali inabeba dhiki na ustadi kwa pamoja: anayenyimwa matunda ya jasho lake ndiye huyo huyo asiyetupa kitu.

Methali ya Pili: Udongo uwahi ungali maji

Methali hii hutumiwa sana kuhusu malezi, nasi huifasiri kama wito wa haraka. Mfinyanzi angetusahihisha. Udongo uliolowa mno huporomoka. Hivyo akishajenga tabaka za chini husubiri zikakamae kidogo kabla ya kuongeza za juu. Akichelewa, tabaka mpya haishikamani na ya zamani. Kuwahi, basi, ni kuitambua saa inayofaa. Tena udongo uliokauka tu huweza kulowekwa ukarudi kuwa udongo. Uliokwisha kupita motoni haurudi kamwe. Mlezi anayeikumbuka tofauti hiyo hatamkatia tamaa kijana mapema.

Hitimisho

Wanafunzi wengi wa leo wakisikia "vigae" hufikiria sakafu na mapaa. Wapo wasiojua kuinjika wala kuepua, ilhali twawataka waeleze "Figa moja haliinjiki chungu". Tusipochukua hatua, tutabaki na methali zinazokaririwa kwa ajili ya mtihani tu. Ninapendekeza kila darasa la fasihi simulizi limtembelee mfinyanzi walau mara moja, likusanye msamiati wa kila hatua, kisha liirejelee kila methali na kuuliza: mwenye kazi anaielewaje? Yule mama wa Gakoromone hakuhitaji kuuona ufa. Aligonga, akasikiliza. Nasi wasomaji wa methali hatuna budi kujifunza kusikiliza hivyo.