Mbele ya Kukata Kapo: Namna ya Kuipa Moteri ya Gari ya Koperative Hewa ya Kutosha



Viazi na maharagi vikianza kushuka kutoka Bijombo, swali moja linarudi katika vikao tunavyohudhuria. Mizigo inashuka kwa mgongo na kwa piki-piki mpaka pale gari inaweza kufika. Kisha gari ya koperative inaibeba mpaka soko la Uvira, au inafuata bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola na kupanda Ngomo kuelekea Bukavu. Hapo katika mlima shoferi anasimama, moshi wa maji unatoka mbele, na akirudi anaambia kamati: «Moteri inachemka. Tutoboe kapo ipate hewa.»

Wengine wanakubali na kumpa fundi pesa siku ile ile. Wengine wanakataa na kumwambia shoferi aendeshe polepole. Sisi tunasema: kubadilisha bodi ili hewa ipite vizuri kunawezekana, na mara nyingine kunasaidia kweli. Lakini mara nyingi hewa ina njia tayari, ila njia hiyo imezibwa au imeharibika. Turudishe kwanza njia iliyoko. Tukilazimika kukata, tukate mahali ambapo hakuna kitu kinachoshikilia gari wala maisha ya watu.

1. Hewa inapita wapi?

Hewa baridi inaingia kwa matundu ya mbele, yale mafundi wanaita kalandri. Inapita katikati ya radiateri na kuchukua joto la maji. Vantilateri inaivuta nyuma, inazunguka moteri, halafu inatoka chini ya gari. Kwa hiyo kuna mlango wa kuingia na mlango wa kutoka. Nyumba yenye dirisha moja tu haipati upepo hata dirisha likiwa kubwa, na moteri ni vile vile. Ukipanua mbele bila njia ya kutokea, hewa ya moto inabaki ndani inazunguka.

Gari ikienda mbio katika tambarare ya Sange, mwendo wenyewe unasukuma hewa ndani. Lakini katika mlima, gari imepakia na iko katika vitesi ya kwanza, mwendo ni mdogo na moteri inafanya kazi kubwa. Pale vantilateri peke yake ndiyo inavuta hewa. Kumbukeni jambo hili, kwa sababu ndilo linaonyesha ni mabadiliko gani yanasaidia mlimani na yapi ni mapambo tu.

2. Kwa nini huku kwetu shida ni kubwa zaidi?

Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu, kule Bukavu, liko karibu mita 1 460. Milima ya Bijombo inapita mita 2 000. Ukipanda, mambo mawili yanabadilika.

La kwanza, hewa inakuwa nyepesi. Kwenye mita 2 000 ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko kando ya ziwa. Vantilateri inazunguka vile vile lakini joto inalobeba linapungua. Baridi ya mlimani inasaidia, ila haimalizi shida.

La pili, maji yanachemka mapema. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka kinashuka karibu digrii 1. Uvira maji ya sufuria yanachemka karibu digrii 97, kwenye mita 2 000 karibu digrii 93. Na moteri nyingi zinafanya kazi kwa kawaida kati ya digrii 80 na 95. Mnaona kwamba nafasi iliyobaki ni ndogo sana.

Kinachotuokoa ni bushoni ya radiateri. Bushoni nzima inafunga presha ndani, na presha hiyo inapandisha kiwango cha kuchemka kwa digrii 20 hivi. Raba yake ikipasuka, au mtu akiweka kitambaa na kipande cha plastiki pahali pa bushoni, digrii zote hizo zinapotea. Gari nyingi zinazoletwa kutobolewa kapo zilihitaji bushoni mpya tu.

3. Kazi za kufanya mbele ya kukata chochote

Fanyeni kazi hizi moteri ikiwa baridi. Bushoni isifunguliwe kamwe moteri ikiwa moto, maana maji yanaruka na kuunguza uso. Mungoje angalau nusu saa, na tiyo ya juu ya radiateri iwe inashikika kwa mkono.

Kwanza, safisheni radiateri. Matope ya barabara, mbegu za majani na wadudu vinaziba katikati ya mapezi yake. Mwagieni maji kutoka upande wa moteri kuelekea mbele, kwa nguvu ndogo, ili uchafu urudi kule ulikotoka. Maji ya nguvu nyingi yanakunja mapezi, na hewa haipiti tena.

Pili, toeni kila kitu kinachofunika mbele: magunia yaliyofungwa kwenye chuma cha mbele, kibao, taa za kuongeza, nyavu ya mbu. Kama munataka kukinga radiateri na mawe, tumieni nyavu ya chuma yenye matundu ya kama sentimeta 1.

Tatu, angalieni kava ya vantilateri, ile plastiki ya mviringo inayoizunguka. Mafundi wengi wanaitoa kwa sababu inawasumbua wakifanya kazi, na haiwi tena. Bila kava, vantilateri inavuta hewa ya pembeni, ile ya moto, na kuacha ile inayopaswa kupita katika radiateri. Kama imepotea, fundi wa tole anaweza kuikunja nyingine. Iache nafasi ya kama vidole viwili kati yake na ncha za vantilateri, kwa sababu moteri inatikisika.

Nne, zibeni nafasi kati ya radiateri na bodi, pande zote na juu. Hewa ni mvivu kama maji: ikipata njia ya pembeni, haiingii katikati ya radiateri. Vipande vya raba ya tairi kuukuu vilivyokatwa vizuri vinatosha. Hii ni kazi ya bodi ya bei ndogo kuliko zote, na inasaidia hata katika mwendo wa polepole.

Tano, angalieni kamba ya vantilateri, tiyo, na maji yenyewe. Maji ya mto yana udongo na chumvi zinazoganda ndani ya radiateri. Tumieni maji safi pamoja na dawa ya radiateri, ile inayozuia kutu.

Kisha mufanye jaribio. Washeni moteri, gari ikiwa imesimama na freni ya mkono imefungwa. Wekeni karatasi mbele ya radiateri, mbali na vantilateri. Karatasi ikishikwa na kubaki pale, hewa inavutwa. Ikianguka, shida iko kwenye vantilateri au kava, na kutoboa kapo hakutaiponya. Kama vantilateri ni ya umeme, ngojeni mpaka iwake yenyewe. Mikono, nguo ndefu na vitambaa vikae mbali.

4. Kama bado inachemka: kukata kwa usalama

Gari iliyofanyiwa yote hayo na bado inachemka katika mlima inaweza kusaidiwa na tundu la kutoa hewa ya moto. Fuateni masharti haya.

Mahali. Tundu liwe katika nusu ya mbele ya kapo, nyuma kidogo ya radiateri. Pale hewa ya moto inapanda yenyewe gari ikiwa polepole, na ikiwa mbio inavutwa nje. Musilikate karibu na kioo cha mbele. Gari ikienda mbio, upepo unagonga kioo na kusukumwa chini, kwa hiyo tundu la pale linaingiza hewa ndani badala ya kuitoa.

Mifupa. Geuzeni kapo muone chini yake. Kuna tole ya juu, na chini kuna mifupa ya chuma. Kateni tole peke yake, katikati ya mifupa. Mifupa ndiyo inazuia kapo isikunjike kwa upepo, na gari ikigonga ndiyo inaifanya ikunjike katikati badala ya kuingia katika kioo usoni mwa shoferi. Musikaribie kufuli ya mbele wala bawaba za nyuma. Ubao wa chuma unaoshika radiateri na kufuli usiguswe hata sentimeta moja.

Kilicho chini. Musifungue tundu juu ya batri, alternateri, au mdomo unaovuta hewa ya moteri. Mvua yetu ni kali. Maji yakiingia kwa mdomo huo, moteri inavunjika mara moja. Kwa sababu hiyo hiyo musishushe mdomo huo ili uvute hewa baridi ya chini. Mto wa Luberizi au Mulongwe ukijaa, gari itakunywa maji.

Kazi yenyewe. Toeni kapo katika gari kabla ya kukata au kuchomelea. Cheche juu ya tiyo ya mazutu ni moto. Ikibidi kuchomelea kitu kwenye gari yenyewe, fungueni batri kwanza, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Lainisheni kingo kwa faili, pakeni rangi ya kuzuia kutu, wekeni nyavu na kifuniko kidogo kinachotazama nyuma ili mvua iteleze.

Kujaribu. Rudisheni kapo, fungeni, na mtu aivute juu kwa mikono miwili. Kufuli ya kwanza na ndoano ya pili zote mbili zishike. Hapo ndipo gari inaondoka, kwanza bila mizigo.

5. Njia tatu ambazo tunawaomba muziache

Ya kwanza ni kuendesha kapo ikiwa imeinuliwa kwa kipande cha mti na kufungwa kwa kamba. Kamba ikikatika upepo unaifungua yote na kuifunika kioo. Fikirini hilo katika kona za Ngomo, na mama watano wamekaa juu ya magunia.

Ya pili ni kuinua nyuma ya kapo kwa kuweka vyuma chini ya bawaba. Bawaba zinalegea, na moshi wa moteri unaweza kuingia mahali shoferi na abiria wanapumulia.

Ya tatu ni kutoa termostati, kile kifaa kinachofungua njia ya maji moteri ikipata joto. Gari inaonekana imepona, lakini katika tambarare moteri inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mazutu nyingi na kuchakaa mapema.

Na moteri ikichemka njiani, shoferi asimamishe gari mahali salama na kungoja. Maji baridi yakimwagwa ghafla ndani ya moteri ya moto yanapasua kulasi. Kupasuka kwa kulasi katikati ya msimu kunaweza kula faida ya wanakoperative wote, na viazi vinaozea barabarani.

6. Na mashine ya kusaga je?

Vijiji vingi vya Bijombo havina gari lakini vina moteri ya kusaga mahindi na mihogo. Sheria ni ile ile: mlango wa kuingia na mlango wa kutoka. Fungueni dirisha chini upande wa vantilateri na jingine juu upande wa pili. Tiyo ya moshi itoke nje kabisa ya nyumba. Moshi huo unaua bila kunuka sana, na mama wanaongoja zamu yao mara nyingi wako na watoto mgongoni.

Ya kuzungumza katika kikao

Nunueni daftari moja likae ndani ya gari. Shoferi aandike kila safari: mlima gani, magunia mangapi, mshale wa joto ulifika wapi, maji kiasi gani yaliongezwa. Badilisheni kitu kimoja, kisha mupande mlima ule ule na mzigo ule ule, mulinganishe. Bila hivyo hamtajua ni nini kilisaidia, na fundi ataendelea kulipwa kwa kubahatisha.

Halafu mujibu pamoja:
— Bushoni yetu ilibadilishwa lini? Kava ya vantilateri iko?
— Nani ana ruhusa ya kusema bodi ikatwe: shoferi, fundi, au kamati?
— Magunia mangapi ni mengi mno kwa gari yetu katika mlima? Wakati mwingine kupunguza matatu kunafanya kazi kuliko tundu lolote.

Kamati iandike majibu na kuyasoma mbele ya wanachama wote, shoferi na fundi wakiwepo. Gari ni ya wote, na wanaopanda juu yake ni wake, waume na watoto wenu.