Kompyuta Ndogo kwa Kazi Moja: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Kompyuta inayokusudiwa kuwaka usiku na mchana kwa kazi moja tu, kama vile kuhifadhi vitabu vya shule na kuvifikisha kwenye simu za walimu bila intaneti, haihitaji kuwa kubwa. Kwa programu ya Kiwix, Wikipedia ya Kiswahili husomwa nje ya mtandao, na mashine ya ukubwa wa kiganja huimudu kazi hiyo. Kinachopasa kupimwa kwanza ni umeme.

Kwa shule iliyo mbali na nguzo za umeme, hesabu ni hii. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 60 hula wati-saa 1,440 kwa siku nzima; ndogo ya wati 5 hula 120. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, hubeba wati-saa 1,200, nayo haifai kunyonywa zaidi ya nusu isije ikafa mapema. Mawingu ya masika yakifunika jua, betri hiyo huibeba mashine ndogo takribani siku nne. Ile kubwa haifikishi hata saa kumi.

Adui wa pili ni chumvi. Fundi yeyote wa baiskeli Kilwa Masoko anajua mnyororo usiopakwa grisi unavyoishia. Feni ya kompyuta huvuta hewa hiyohiyo ya baharini na kuipitisha juu ya saketi. Isiyo na feni, yenye kasha la alumini linalotoa joto lenyewe, ndiyo inayoifaa pwani, hata ikiwa na kasi ndogo.

Bei nayo hudanganya. Raspberry Pi ilipoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 kwa dola 35, fedha hiyo ilinunua ubao mtupu: adapta, kasha na kadi ya kumbukumbu vilikuwa gharama ya pembeni. Mwenye kubana matumizi huchomeka chaja ya zamani ya simu, kisha hushangaa mashine ikizimika katikati ya kazi. Umeme ukikatika kadi inapoandikwa, yaliyohifadhiwa huweza kuharibika. Diski ya SSD na betri ndogo ya akiba hupunguza hatari hiyo. Aidha, matoleo mengi ya ubao huo hayana betri ya saa. Zahanati isiyo na intaneti ikiutumia kutunza kumbukumbu za dawa, tarehe zitakosewa kila umeme unaporudi.

Kompyuta mpakato ya mtumba huja na betri na kioo chake, na kwa mwenye kuandika barua ni chaguo jema. Kwa kuwaka mwaka mzima haifai sana, kwani betri yake huweza kuvimba.

Kabla ya kulipa, muuzaji aombwe aiwashe mashine, aizime kwa utaratibu, achomoe waya kisha auchomeke tena. Isipojiwasha yenyewe, aulizwe kama inaweza kupangwa kufanya hivyo. Isiyoweza itamhitaji mtu kila umeme unapokatika, hata saa nane za usiku.