Samaki wanakufa alfajiri? Kabla hujamshuku jirani, lisome bwawa lako



Simu za wafugaji wa samaki huwa zinaingia mapema, jua halijachomoza vizuri. "Bwana shamba, njoo uone, sato wanaelea! Jana walikula vizuri tu. Kuna mtu kaniwekea sumu." Ukifika unakuta maji ya kijani mazito kama mlenda, na ukiuliza unaambiwa jana kutwa kulikuwa na mawingu. Mara nyingi hapo hakuna sumu wala adui. Samaki wamekosa hewa.

Mtaji wa miezi sita unaweza kuondoka usiku mmoja, kwa hiyo tuelewane vizuri leo.

Bwawani kuna nani na kuna nini?

Vyenye uhai ni samaki, mwani mdogo sana unaoyapa maji rangi ya kijani, wadudu wadogo wa majini, na bakteria walioko kwenye tope. Visivyo na uhai ni maji yenyewe, mwanga wa jua, joto, upepo, tope, virutubisho vya mbolea, na hewa ya oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji. Ukigusa kimoja, vingine vyote vinaguswa. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanalisha samaki tu, wakidhani hayo mengine yatajipanga yenyewe.

Mchana na usiku

Mchana mwani unatumia mwanga wa jua kutengeneza chakula chake, na katika kazi hiyo unatoa oksijeni. Ndiyo maana saa tisa au saa kumi jioni bwawa lina hewa nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Pia mwani wenyewe ni chakula cha sato, tena cha bure.

Jua likizama, kiwanda kinafungwa. Sasa mwani nao unavuta oksijeni, samaki wanavuta, bakteria wanavuta. Usiku kucha ni kutoa tu, hakuna kuingiza, isipokuwa kidogo kinacholetwa na upepo juu ya maji. Akiba inafika chini kabisa alfajiri. Kama mchana wake kulikuwa na mawingu, akiba ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Na kama mwani ni mwingi kupita kiasi, walaji ni wengi. Hesabu inagoma.

Sato anapenda maji yenye oksijeni ya miligramu 5 kwa lita au zaidi. Anavumilia chini ya hapo, lakini hali vizuri wala hakui.

Chakula kilichobaki ni deni

Pumba au chakula cha vidonge kisicholiwa kinazama. Bakteria wanakiozesha, na kazi hiyo inakula oksijeni na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Mwani unanyonya sehemu ya amonia hiyo na kuitumia kama mbolea, kwa hiyo maji yanazidi kuwa ya kijani. Umeona mzunguko? Ukimwaga samadi ya kuku juu ya chakula kilichobaki, umeongeza moto.

Joto nalo lina sehemu yake. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, huku samaki wakihitaji zaidi. Sato anakua vizuri kwenye nyuzi joto 25 hadi 30. Ninyi wa Njombe na Mbeya, mwezi wa Juni na Julai maji yanapoa na samaki wanapunguza kula. Usipopunguza chakula, unalisha tope.

Kipimo cha mkono

Huhitaji mashine. Siku ya jua, kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, zamisha mkono wima, kiganja kimekunjwa, huku ukikiangalia.

- Kiganja kikipotea maji yakiwa karibu na kiwiko: safi, endelea.
- Kikipotea kabla ya nusu ya mkono: mwani umezidi. Simamisha samadi, punguza chakula, toa maji ya chini na uingize mapya.
- Maji yakipita kiwiko na bado unakiona: mwani ni mchache. Ongeza samadi kidogo kidogo.

Maji yakiwa ya kahawia kwa tope, kipimo hiki hakikufai. Tope linazuia mwanga, kwa hiyo rekebisha kwanza kingo zinazomomonyoka.

Ukiwakuta wanahema juu

Sato wakija juu alfajiri, midomo wazi, usiwape chakula. Ingiza maji mapya, na bomba liinue juu ili maji yaanguke yakirukaruka na kubeba hewa. Hili ni muhimu zaidi kwa maji ya kisima kirefu, kwani mara nyingi yanatoka na oksijeni kidogo. Usitibue tope. Kama una pampu, vuta maji ya bwawa na uyarushe humo humo.

Dalili nyingine: kama unafuga sato na kambale pamoja, na sato wamekufa lakini kambale wapo, shuku oksijeni kwanza. Kambale ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, sato hana.

Kinga ni rahisi kuliko tiba

Lisha jua likiwa limeshapanda, kuanzia saa tatu hivi, siyo alfajiri. Toa kile wanachomaliza ndani ya dakika 15. Siku ya mawingu mazito punguza chakula, na samadi usiweke kabisa. Ondoa magugu yanayofunika maji, na usipande miti ya kivuli ukingoni.

Kesho chukua daftari. Andika rangi ya maji, kipimo cha mkono, hali ya anga na kiasi cha chakula. Fanya hivyo wiki mbili tu, utaanza kuliona tatizo tangu jioni, kabla samaki hawajaelea.

Kazi njema bwawani.