Mboga za Kujiotea: Usionje Usichokijua

Kijitabu cha kaya za Vitshumbi

Kwa nini tunaandika

Vitshumbi iko ndani ya Mbuga ya Virunga, ukingoni mwa Ziwa Edward. Kulima mbugani kumekatazwa, na mboga za sokoni zinatoka mbali. Barabara ikiharibika, mama anageukia majani ya nyuma ya nyumba. Si vibaya. Lengalenga, mgagani na mnavu ni mboga nzuri, wazee wetu wamezila. Kinacholeta wagonjwa ni kuonja jani geni ili kujua kama linaliwa.

Usionje usichokijua. Ulimi hautambui sumu.

Unayemwuliza

Mama anayelijua jani hilo na amelipika nyumbani kwake. Jirani anayedhani tu, hapana.

Datura

Mmea huu wa sumu huota jalalani, kando ya njia, hata katikati ya lengalenga mvua zikianza. Ua lake ni jeupe, refu kama tarumbeta. Tunda lina miiba. Jani ukilisugua linanuka vibaya. Ikiwa changa bado haina ua wala tunda, na hapo ndipo watu hukosea. Chuma lengalenga shina moja moja, usikate fungu zima kwa kisu. Ukiwa na shaka na shina moja, litupe.

Kupika hakuondoi sumu yake. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, unga wa msaada uliingiwa na mbegu za datura. Watu waliupika uji wakanywa. Mamia waliugua na watano walikufa.

Kwa hiyo usionje usichokijua, hata kidogo, hata kikiwa kimepikwa.

Maonyo mengine

Mnavu: pika majani, umwage maji ya kwanza, matunda yakiwa ya kijani yasiliwe. Mbarika: mbegu zake huua, watoto wasizichezee. Usichume karibu na choo, wala palipopulizwa dawa ya wadudu. Usiingie porini kutafuta mboga, kuna tembo na viboko. Usioshe mboga kwa maji ya ziwa yasiyotiwa dawa, kipindupindu kinapita humo. Na mboga hizi zisiliwe mbichi.

Watoto

Mtoto humwiga mama. Akikuona unaonja, naye ataonja.

Mtu akishakula

Mdomo kukauka, macho kuwa na mboni kubwa, ngozi kuwa moto na nyekundu, moyo kwenda mbio, kuongea na watu wasiokuwepo: hiyo ni sumu. Si pepo, wala hakulogwa. Maombi yafanyike njiani, lakini safari iwe ya kituo cha afya, usiku au mchana.

Mtoe mabaki mdomoni. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Asiachwe peke yake, anaweza kuingia ziwani bila kujua.

Chukua jani alilokula, na mboga iliyobaki kwenye sufuria, umwonyeshe muuguzi. Na wewe usilionje ili kuhakikisha.