SOMO LA FAMILIA: Yule Aliyesema Atarudi

Soma: Luka 10:25-37, Yakobo 2:14-17



Usiku wa kuamkia 27 Machi 2011, watu 72 walitoka Tripoli, Libya, kwa boti ya mpira wakielekea Italia. Wengi walikuwa Waethiopia. Walikuwemo pia Waeritrea, Wasudani na watoto wachanga wawili. Walikimbia vita, kama sisi tulivyokimbia. Walipokwama baharini walimpigia simu padri Mussie Zerai, Mwitrea aliyekuwa Roma, naye akawaarifu walinzi wa pwani wa Italia.

Ikaja helikopta ya kijeshi. Ikawashushia maji na biskuti kwa kamba, wakapewa ishara kwamba wasubiri. Nahodha wa boti akaamini wokovu umefika. Kwa kuogopa kukamatwa kuwa msafirishaji wa watu, akatupa simu na dira baharini. Helikopta haikurudi. Boti ilielea wiki mbili, ikatupwa tena pwani ya Libya. Waliopona ni 9 tu.

Hatujui rubani yule aliamriwa nini, wala hatumhukumu. Lakini tuone jambo moja: ahadi ile iliwafanya waache njia yao nyingine ya kuomba msaada.

Mwaka 2000 Msumbiji ilipata mafuriko makubwa. Marubani wa jeshi la Afrika Kusini waliokoa watu zaidi ya 14,000 kutoka juu ya mapaa na miti. Helikopta hubeba watu wachache, hivyo wengine walibaki wakingoja. Tofauti ni hii: marubani walirudi, tena na tena.

Msamaria naye aliahidi kurudi. Alifunga majeraha, akalipa nyumba ya wageni, akamwahidi mwenye nyumba kwamba akipita tena atalipa kilichozidi. Huruma yake haikuishia barabarani.

Ndugu zangu, hapa Nakivale nani hajawahi kuambiwa "nitarudi", akangoja bure? Lakini na sisi tunasema hivyo. Mgonjwa akipelekwa Mbarara, siku ya kuondoka tunajaa kwake kuomba. Wiki ya tatu, nani anauliza watoto wake wamekula nini? Mgeni aliyefika jana tunampa kikombe cha unga na kumwambia, "Tutaonana kesho, ndugu." Kesho yake tuko sokoni Endiinzi, tumemsahau.

Kama huwezi, mwambie kweli kwamba huwezi, ili atafute mwingine. Kama umeahidi, rudi, hata mikono mitupu.

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Ni nani aliyerudi kwako ulipokuwa taabuni?
2. Kuna mtu anayekungoja kwa sababu ya neno lako?
3. Wiki hii mtamrudia nani, na siku gani?

Tuombe: Bwana, tukumbushe wale tuliowaacha wakingoja. Utupe miguu ya kurudi. Amina.