Zafarani, Mitishamba na Odowa: Yapi Yanamfaa Mama Mjamzito?

Mama anapopata mimba, ushauri humjia kutoka kila upande. Mama mkwe ana dawa yake, jirani ana yake, na siku hizi hata simu huleta dawa za nchi za mbali. Somo hili linawaeleza wakazi wa Itumbe na Kaunti ya Kisii kwa jumla ni dawa zipi za kienyeji zisizo na madhara, na zipi zinazoweza kuhatarisha maisha ya mama na mtoto.

Zafarani

Zafarani ni nyuzi nyekundu zinazochumwa kwa mkono kutoka katikati ya ua. Kila ua hutoa nyuzi tatu tu, ndiyo sababu bei yake ni ghali. Nyingi hutoka Iran. Katika Pwani ya Kenya hutiwa kwenye biriani, na pia hutumika kama wino wa kuandikia kombe, maandishi yanayooshwa kwa maji ili mgonjwa anywe.

Huko India, wajawazito wengi hunywa maziwa yaliyotiwa zafarani kwa imani kwamba mtoto atazaliwa na ngozi nyeupe. Imani hiyo si kweli. Rangi ya mtoto hurithiwa kutoka kwa wazazi wake, wala haibadilishwi na chakula.

Nyuzi chache za kutia chakula rangi na harufu si tatizo. Hatari huanza zafarani inapofanywa dawa. Ikitumiwa kwa wingi inaweza kuufanya mfuko wa uzazi ubane na kutoa damu. Gramu 5 kwa siku huhesabiwa kuwa sumu hata kwa mtu asiye mjamzito. Tena, kwa kuwa ni ghali, wauzaji wengine huichanganya na manjano au vitu vingine, hivyo mnunuzi hajui anachokunywa.

Mitishamba ya kuanzisha uchungu

Kuna mizizi na majani yanayochemshwa ili uchungu uanze au uende kasi. Mafuta ya mbarika, yaitwayo pia nyonyo, hutumiwa hivyo hivyo. Shida ni kwamba dawa hizi hazina kipimo. Uchungu ukiwa mkali kupita kiasi, mtoto hukosa hewa na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, hasa kwa mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji.

Hatari huongezeka mama anapoficha. Muuguzi asiyejua kwamba mama amekunywa mitishamba anaweza kumpa dawa nyingine ya uchungu, na mbili hizo zikakutana mwilini. Kwa hivyo, mama aliyekwisha kunywa chochote anahimizwa kusema mara tu anapofika hospitalini: alikunywa nini, kiasi gani na saa ngapi.

Odowa

Wajawazito wengi hutamani odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni. Mara nyingi tamaa hiyo huandamana na upungufu wa damu, lakini odowa haiongezi damu. Udongo huweza kuzuia madini ya chuma yaliyo katika chakula yasiingie mwilini. Unaweza pia kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Mama mwenye tamaa hiyo aende akapimwe damu.

Mila yenye faida

Si kila mila ni mbaya. Jamii ya Abagusii imekuwa ikimpa mama chinsaga na rinagu tangu zamani, na mboga hizo zina madini ya chuma na vitamini. Zikiliwa pamoja na pera au chungwa, mwili huyapokea madini hayo vizuri zaidi.

Jambo linalosahaulika katika eneo la majani chai kama Itumbe ni chai yenyewe. Chai inayonywewa pamoja na mlo huzuia madini ya chuma. Ni vyema kuinywa saa moja au zaidi baada ya kula. Vidonge vya kuongeza damu vimezwe kwa maji, si kwa chai.

Nenda kliniki mapema

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8, kuanzia miezi mitatu ya kwanza. Vidonge anavyopewa vina madini ya chuma na foliki asidi, ambayo hukinga mtoto dhidi ya kasoro za uti wa mgongo. Uti huo huumbika katika wiki za mwanzo kabisa, kwa hivyo kuchelewa kuna gharama.

Mama apelekwe hospitalini bila kungoja akiona lolote kati ya haya:

- kutokwa na damu;
- maumivu makali ya kichwa au macho kuona ukungu;
- kuvimba uso na mikono;
- degedege au homa kali;
- maji kuvunjika kabla ya wakati;
- mtoto kupunguza au kuacha kucheza tumboni.

Waume na akina mama wakwe nao wana wajibu. Waweke akiba ya nauli mapema, wajue ni bodaboda au gari lipi litapatikana usiku, na wamwulize muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii kabla ya kumpa mama dawa yoyote ya kienyeji.