Tui Halitaki Simu: Namna Ninavyotuliza Moyo Jikoni

Haya ninayoyaandika nilijifunza mwaka 2020, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Korona ilikuwa imeingia nchini, na kafyu ilianza Machi 27, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8 watu wakakatazwa kuingia na kutoka katika kaunti yetu. Kisha Mei 6, tukiwa ndani ya Ramadhani, Mji wa Kale wenyewe ukafungwa pamoja na Eastleigh kule Nairobi: haingii mtu, hatoki mtu. Misikiti ilikwishafungwa tangu Machi, tarawehe tukaisali sebuleni. Tangu wakati ule, kila mambo yanapochafuka, iwe mafuriko ya vuli ya 2023 au maandamano ya Juni 2024, huyarudia mazoea yale yale, nayo hunifaa.

Kwanza, si kila kazi ya nyumbani hutuliza. Nyumba nyingi mtaani kwetu zilishika ndoo ya jiki na tambara, zikafuta vitasa, swichi, meza, kisha vitasa tena. Adui haonekani, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kusema sasa nimemaliza. Usafi ni wa lazima, ufanye, nawa mikono, uache. Kwa ajili ya moyo chagua kazi yenye mwisho unaouona kwa macho: kuchagua mchele, kupiga pasi kanzu, kushona vifungo vilivyong'oka, kukuna nazi. Kazi ikiisha, iwe imeisha kweli, na uinuke.

Mimi kazi yangu kubwa ni nazi. Chukua iliyokomaa, itikise karibu na sikio usikie maji yakicheza ndani. Igonge katikati kwa mgongo wa panga, ukiizungusha mkononi, na maji yake uyakinge kwenye bakuli. Yaonje. Yakiwa machachu, nazi imeoza, tafuta nyingine. Kaa juu ya mbuzi, anzia ukingoni, uzunguke polepole ukielekea katikati, wala usikwaruze hadi kwenye kifuu maana tui litaingia weusi. Huwezi kukuna nazi kwa hasira. Ukikazana, meno ya mbuzi yatakukumbusha vidole vyako viko wapi.

Tia maji ya uvuguvugu kidogo tu, kamua, chuja kwa kifumbu au kichujio: hilo ndilo tui zito, liweke kando. Rudia kwa maji zaidi upate la pili na la tatu, ambayo ndiyo ya kumalizia kuivisha mbaazi ulizokwisha kuzichemsha. Tui zito huja mwisho, na hapo ndipo simu inapokaa chumba kingine. Likichemka bila kukorogwa hukatika, mafuta upande wake na maji upande wake, na mchuzi unaharibika. Lazima usimame na upawa, uchote, umimine, uchote, umimine, mpaka lishikane. Katika dakika zile haiwezekani kusikiliza sauti ya WhatsApp ya mtu asiyejulikana anayedai ana shemeji yake serikalini. Tui la pakiti ninalo kabatini na sina ugomvi nalo, linafaa siku ya haraka. Siku ya wasiwasi halifai, kwa sababu kinachotakiwa siku hiyo ni kule kukuna.

Habari nazo zina saa yake. Wakati ule Wizara ya Afya ilikuwa ikitoa hesabu za wagonjwa kila siku, mara nyingi alasiri. Saa hiyo tulikuwa tunateremsha sinia la mchele, mimi na mama mkwe, tukawasha redio. Masikio yanasikiliza, vidole vinatoa mawe na chuya. Ilinisaidia kwa namna mbili: habari mbaya ilinikuta mikono ina kazi, na mchele ulipokwisha, kikao nacho kilikwisha. Mtangazaji akianza kurudia, mama mkwe alikuwa akisema, "Mwanangu, zima sasa. Tumeshasikia. Hawa watafuturu nini?" Nami nazima. Nakushauri hivyo hivyo: chombo kimoja cha habari unachokiamini, mara moja kwa siku, na kazi ya mikono mbele yako. Asubuhi kabla ya chai usifungue kitu.

Usizifunge kazi zako kwenye saa ya ukutani. Zifunge kwenye jambo ambalo tayari hutokea kila siku. Sisi tuna swala tano, na adhana haikunyamaza hata misikiti ilipofungwa, kwa hiyo siku ilikuwa imeshagawanywa: mchele baada ya alasiri, chetezo cha udi magharibi. Kwako inaweza kuwa maji ya chai yanapochemka, au mtoto anapolala mchana. Hapa Mombasa maji nayo hupanga ratiba, kwa sababu bomba lina siku zake. Siku yanapotoka, mitungi hujazwa na nguo hufuliwa, upende usipende. Zamani nilikuwa nikilaani jambo hilo. Mwaka ule nililiona kama sehemu ya wiki inayojulikana, wakati mambo mengi hayajulikani.

Kwa usiku nina mahamri. Hofu yangu ya kafyu ilikuwa kali zaidi baada ya isha, barabara zimenyamaza na kesho haieleweki. Basi baada ya Idi nikawa nakanda unga usiku: unga wa ngano, sukari, iliki iliyotwangwa, hamira, na tui zito badala ya maji. Kanda mpaka donge liache kushika vidole, lifunike, nenda ukalale. Kwa joto letu hamira iwe kidogo, la sivyo alfajiri utakuta donge limechacha na linanuka kama togwa. Asubuhi unakata madonge, unasukuma, unakata vipande, unakaanga. Ukishakanda usiku, kesho tayari ina kazi inayokungoja, na mtu aliye na jambo la kuamkia hulala upesi kuliko aliye na jambo la kuwaza tu.

Sasa niseme jambo ambalo waandishi wengi wa mapishi hulipita. Utulivu huu haupatikani kama kazi zote za nyumba zimemwangukia mtu mmoja. Kukuna nazi moja kwa hiari ni raha. Kukuna nazi, kufua, kupika, kufundisha watoto ambao shule zao zimefungwa, na kumsikiliza mume akilalamika kwamba amechoka kukaa ndani, hiyo si raha hata kidogo. Kwetu kijana wangu mkubwa alichukua mbuzi, na baba yake akachukua pasi. Kulikuwa na manung'uniko, nguo moja iliungua, maisha yakaendelea. Ukiona mazoea ya nyumbani yanakuchosha badala ya kukutuliza, anza kwa kugawa, si kwa kuongeza.

Na kama wiki zinapita hulali, huli, moyo unakwenda mbio umekaa kitako, nenda hospitali ukaseme. Sinia la mchele si dawa ya hilo.

Jambo la mwisho ni la chungu. Mtu asiye na mchele hana cha kuchagua. Mwaka ule wapishi wa hoteli, madereva wa tuktuk na vibarua walikaa ndani bila kipato, na nyumba zilizokuwa na akiba zilipitisha sahani mlango kwa mlango, zimefunikwa kwa kawa. Wengine walipokea bila kuomba, na hiyo ndiyo heshima yake. Hivyo ukikaa kukuna nazi wakati mambo ni magumu, zikune mbili, ya pili umpikie jirani, na umpelekee kabla hajaja kubisha.